Bufe Mbili na Nyumba Moja

Wendell Kratochvil hali mkate kwenye bufe. Hali supu, hali tambi, na viazi vya kuponda havitazami hata kwa pembe ya jicho. Anasema wenye kasino huvipanga mwanzoni mwa meza makusudi, ili mgeni ashibe vitu rahisi kabla hajaifikia nyama. Kwa hiyo yeye huingia mikono mitupu. Huuzunguka ukumbi mzima bila sahani, mikono nyuma, tumbo mbele, akichungulia sinia moja baada ya nyingine kama bwana afya aliyekuja bila taarifa. Kisha hurudi mezani kutupa habari.

"Bata mzinga mkavu," atasema. "Kuku wa kukaanga katoka jikoni sasa hivi. Kamba msiwaguse, wameanza kuogelea tena."

Hapo ndipo mimi na mkewe LaVonne tunaporuhusiwa kuinuka.

Mimi naitwa Milo. Nyumba yangu na ya Wendell zinatazamana, barabara katikati, katika mji mdogo wa Nebraska ambao zamani ulikuwa na benki mbili, bucha tatu na bendi ya tarumbeta, na sasa una kituo cha mafuta. Kwa miaka ishirini na sita, kila Februari, mashamba yakiwa yamelala chini ya theluji, sisi watatu tumekuwa tukipanda ndege Omaha kwenda Las Vegas kwa siku nne. Hatuendi kucheza kamari. Wendell huilisha dola moja mashine ya kwanza anayokutana nayo, inamezwa, anasema, "Kiingilio hicho," na kamari yake imekwisha mpaka mwaka ujao. Tunakwenda kula, na kulinganisha.

Kulinganisha kwenyewe kuna sheria. Wendell aliziandika mwaka wa kwanza kwenye karatasi ya kufutia mdomo, na LaVonne anayo hadi leo. Yeye anachagua bufe moja na mkewe anachagua moja. Sote watatu tunakula kwenye zote mbili, na kila mmoja anatoa alama, moja mpaka kumi. Usichokionja huwezi kukipima, na usipopima, alama yako ni sifuri. Alama ikishatamkwa hairudi mdomoni. Jumla ikiwa kubwa, aliyechagua bufe hiyo ameshinda, na mshindi anaomba jambo moja, lolote, na aliyeshindwa analitimiza bila kununa.

Mwaka wa kwanza LaVonne alishinda, jiko likapakwa rangi ya njano. Mwaka wa pili alishinda Wendell, akaleta mbwa. Mwaka wa tatu LaVonne akashinda, mbwa akahamia nje. Kuna mwaka Wendell alishinda akaomba Krismasi wasiende kwa dada yake LaVonne, na hawakwenda, na huyo dada hajui mpaka leo kwamba alipigwa na sinia la mbavu za nguruwe. Katika miaka yote hiyo sijasikia hata mmoja wao akisema ule ulikuwa mchezo tu.

Pengine ni kwa sababu ya kazi aliyoifanya. Wendell alikuwa mpima mizani kwenye ghala la nafaka la ushirika kwa miaka thelathini na minane. Malori yalipanda kwenye mizani yake yamejaa mahindi, yakashuka matupu, na katikati yeye alichota kopo moja akapima unyevu. Mahindi yenye maji yalikatwa bei. Vuli moja alikuja kaka yake mwenyewe, Leonard, na mzigo uliokuwa umenyeshewa. Wendell akaandika unyevu uliokuwapo. Leonard hakumsemesha miaka miwili, na alipomsemesha tena, hakuna aliyeomba msamaha. Siku hizi mashine inapima yenyewe na dereva hashuki hata kwenye lori. Ukitaka kumlaumu mtu kwa unyevu wa mahindi yako, utamlaumu nani?

Nyumba yake aliijenga kwa mikono yake, mwaka aliooa. Mimi nilishika ngazi. Ni nyumba nzuri yenye kosa moja: mashine ya kufulia iko chini ya ardhi, na ngazi za kushukia huko ni za mtu wa miaka ishirini na tano. Oktoba iliyopita LaVonne alianguka kwenye ngazi hizo akiwa na kapu la nguo. Alivunjika kifundo cha mkono na akalala sakafuni saa nzima, Wendell akiwa kwangu tunabishana kuhusu mvua. Binti yao Janelle, anayeishi mjini Lincoln, akaja juu. Wiki hiyo hiyo akawatafutia fleti ya wazee huko huko Lincoln, ghorofa ya tatu, yenye lifti, mashine ya kufulia jikoni, na mtu wa kuzoa theluji.

Wendell akasema hapana. Akasema ataweka reli kwenye ngazi, na akaiweka kweli, reli ambayo ingeweza kumzuia ng'ombe. LaVonne akasema hataki reli. Miezi mitatu walikuwa hivyo. Kila asubuhi Wendell alikuja kwangu kunywa kahawa kwa sababu kwake jikoni kulikuwa na baridi, na si ya Januari.

Basi tukiwa angani, mwaka huu, LaVonne akafunga gazeti lake na kusema:

"Wendell, mwaka huu nikishinda naomba nyumba."

"Nyumba gani?"

"Ngapi unazo? Nikishinda, tunahamia Lincoln kabla ya kiangazi."

Wendell alitazama mawingu. "Na nikishinda mimi?"

"Neno Lincoln hulisikii tena kinywani mwangu. Nitashuka zile ngazi mpaka siku watakayonipandisha kwa jeneza."

"Usiseme hivyo, mama."

"Ndivyo nilivyosema. Unakubali au unaogopa?"

"Nani aogope? Wewe umewahi kuchagua bufe yenye nyama?"

"Babu wewe, umekubali au hujakubali?"

"Nimekubali," akasema Wendell, na akaomba njugu za pili.

Mimi nilikaa kiti cha kando nikijifanya nimelala. Sitaficha: nilitaka Wendell ashinde. Mtaa wetu una nyumba tisa, tano tupu. Nikiamka asubuhi natazama kama taa ya jiko lake imewaka, naye anatazama yangu. Hilo si jambo unaloweza kuliandika kwenye karatasi ya kufutia mdomo, lakini ndilo lililokuwa tumboni mwangu kabla ya chakula chochote.

Las Vegas yenyewe sina hamu ya kuisifu. Nimeijua ilipokuwa na adabu. Mashine zilitema sarafu, ukumbi mzima ukalia kama mvua ya mawe juu ya bati, na watu walitembea na vikombe vya karatasi vilivyojaa chuma, vidole vyeusi. Sasa mashine inakutemea kikaratasi. Mkata nyama wa zamani alivaa kofia ndefu nyeupe, akakuuliza, "Nene au nyembamba, bwana?" na ukisema nene alikuamini. Bufe zilikuwa hamsini. Ukishiba huku ulivuka barabara kwenda kuona wenzako wanavyoshiba kule. Ule ugonjwa wa korona ulipozifunga zote, nyingi hazikufunguliwa tena. Wahasibu waligundua kwamba mtu mwenye njaa ni hasara.

LaVonne alichagua Kasino ya Valdora, mpya, ya vioo vitupu, na siku ya pili saa nane mchana tukawa kwenye foleni yake. Kwenye risiti walitupigia mhuri wa saa ya kuingia.

"Hii nini?" nikauliza.

"Dakika tisini, bwana," akasema yule kijana wa mlangoni, kwa upole kabisa. "Baada ya hapo tunaomba meza."

"Dakika tisini! Wendell huchukua hamsini kutembea tu."

"Basi leo atatembea mbio," akasema LaVonne. "Ingia, Milo, unazuia watu."

Ndani, chakula kilikuwa kwenye vikombe. Nasema kweli. Kamba mmoja ndani ya kikombe cha kioo, amelalia jani. Nyama kipande kimoja kwenye sahani ya mdoli, na doa la mchuzi kando kama mtu alipitisha brashi akaitwa. Mpishi alisimama nyuma ya kaunta ameshika kibanio kidogo, kama anayetaka kukutoa mwiba.

"Naomba cha kushiba," nikamwambia.

"Chukua vingi unavyotaka, bwana."

"Nina mikono miwili tu."

Wendell hakulalamika. Alizunguka raundi yake, haraka kidogo, akarudi uso umenyooka. "Miguu ya kaa ni ya moto," akasema. "Wameipasua kabisa. Huhitaji koleo."

"Nilikuambia!" LaVonne akapiga meza kwa ule mkono mzima. "Mwaka jana ulinitukana kwa sababu ya kaa wa baridi. Haya, leo sema."

"Sijasema kitu bado. Nimesema ni ya moto."

Alikula miguu ya kaa sahani tatu, kimya, siagi ikimchuruzika mpaka kwenye saa. Mimi nilikula vikombe kumi na vinne, nilivihesabu kwa hasira. LaVonne alikula kila kitu, akaonja hata aiskrimu ya rangi ya nyasi, na akawa anacheka peke yake kama msichana aliyetoroka kanisani.

Wakati wa alama, mwenye bufe, yaani aliyeichagua, hutoa kwanza.

"Tisa," akasema LaVonne. "Moja nimepunguza kwa ajili ya vikombe."

"Tano," nikasema mimi.

"Tano, Milo? Mlima wote huo wa vioo mbele yako, na tano?"

"Nilikuwa natafuta kitu cha kupenda."

"Muongo mkubwa we! Wendell, sikia jirani yako."

Wendell alikuwa akijifuta vidole, kimoja kimoja. Nilimtazama kwa macho ya kumsihi. Nne tu, nilikuwa nikimwambia moyoni, hata tatu, nani atakuuliza?

"Nane," akasema.

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Hakuuondoa.

"Kaa wale wanastahili nane," akasema. "Mkate sikuuonja."

Ishirini na mbili, basi. LaVonne aliiandika kwenye karatasi na kuitia mkobani kama cheti cha ndoa.

Wendell alichagua kule anakochagua kila mwaka: Kasino ya Nyumbu Mwekundu, nje kabisa ya mji, mwendo wa basi dakika arobaini, mahali ambapo wenyeji huenda na kandambili. Zulia lake limechoka, taa za jina zimekufa herufi mbili, lakini nyama yake ya mbavu hukatwa mbele yako kutoka kwenye pande kubwa kama mtoto wa shule. Na Wendell ana mbinu yake pale. Tunaiita kuvuka mto.

Mbinu ni hii. Unaingia saa nne na nusu asubuhi, unalipa bei ya kifungua kinywa. Unakaa. Saa tano wanaondoa mayai na kuleta chakula cha mchana, nyama ikiwamo, na hakuna wa kukuinua kwa sababu umeshakaa. Umeingia kwa bei ya yai, unatoka na ng'ombe. Kila mzee wa Nebraska anaijua mbinu hii. Wanaoanza hukosea kwa kula mayai. Mabingwa hawagusi kitu. Wanakunywa kahawa nyeusi, wanatunza nafasi.

Siku ya tatu saa nne na nusu kamili tulikuwa mezani, karibu na kaunta ya mkata nyama. Wendell alikuwa hajala tangu jana yake mchana. Alikuwa amenyoa. Alivaa ile fulana ya kanisani.

"Umekonda tangu jana," nikamwambia.

"Nipo tayari, Milo. Naweza kuwasikia wakinoa visu."

LaVonne alirudi na sahani. Skonzi mbili zimemwagiwa rojo jeupe la soseji, viazi vya kukwaruzwa vimekaangwa mpaka vimekuwa na ukoko, bekoni, mayai. Mvuke ulinipiga usoni.

"We mama, unajaza nini?" Wendell akashangaa. "Nusu saa tu! Utavukaje mto na tumbo limejaa?"

"Mimi nakula nilichokikuta."

"Ndivyo wanavyowanasa wageni."

"Acha ninaswe." Akatia uma kwenye rojo. "Ninyi kunyweni kahawa yenu."

Tulikunywa. Mhudumu wetu alikuwa Luz, mama wa Kifilipino ambaye amemjua Wendell miaka yote hiyo na humwita kipenzi, kama anavyowaita wote. Alijaza vikombe mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu alimtazama Wendell, akaitazama meza iliyo tupu mbele yake.

"Kipenzi, huumwi?"

"Mzima kabisa, Luz. Nasubiri."

Luz alidhani anasubiri mtu. Akaenda zake.

Saa tano kasoro ishirini uvumilivu wangu uliniponyoka. Nilimwambia Wendell naenda msalani, nikazunguka nguzo, nikameza yai moja na nusu skonzi nikiwa nimesimama, kama mwizi. Nilirudi nikijifuta mdomo. LaVonne aliniona. Alinikonyeza tu. Lakini kulikuwa na jambo usoni mwake. Alikuwa akitazama mlangoni, kisha sahani yake, kisha mumewe, na hakuwa akicheka kama jana.

Saa tano kasoro dakika tano wapishi wakaanza kuondoa masinia. Wendell alinyanyuka nusu, akajipangusa fulana, akashika sahani safi.

"Wanavuka," akanong'ona. "Milo, simama nyuma yangu. Usiangalie saladi."

Sinia la mayai likaenda. La bekoni likaenda. Kisha taa za juu ya kaunta ya nyama, ambazo ndizo huwaka kwanza, hazikuwaka. Kijana mmoja akatoka na mashine ya kufagilia zulia. Luz akaja na kitambaa begani.

"Kipenzi, tunafunga sasa. Nikuongezee kahawa ya kubeba?"

"Mnafungaje? Chakula cha mchana?"

"Hakipo tena, kipenzi. Tangu Januari. Siku za kazi ni asubuhi, halafu jioni saa kumi na moja. Kibao kipo mlangoni."

Wendell alisimama na sahani yake safi kifuani. Miaka ishirini na sita alipita mlango ule, na mtu hasomi mlango wa nyumba yake. Mimi pia sikuusoma. Mashine ya zulia ilianza kunguruma, ikapita kati yetu na kaunta.

Aligeuka polepole kwa mkewe.

"LaVonne. Ulikiona?"

"Herufi kubwa kama ghala, Wendell."

"Ukanyamaza."

"Nilidhani umekiona. Halafu nikaona hujakiona." Akaweka uma chini. "Halafu nikanyamaza. Ndiyo."

Hapo mambo yalikuwa yamekwisha. Hakuonja, hawezi kupima. Alama yake sifuri. Hata mimi na LaVonne tungetoa kumi kumi, ishirini haifiki ishirini na mbili. Nyumba ilikuwa imekwenda kwa ajili ya kahawa vikombe vitatu. Wendell aliketi. Aliilaza sahani tupu mbele yake, akainyoosha iwe sawa na ukingo wa meza. Sijawahi kumwona na njaa namna ile.

 LaVonne akamshika Luz mkono.

"Dada, jikoni kimebaki nini?"

"Wanamwaga, mama. Moto wameshauzima."

"Kabla hawajamwaga, mletee huyu sahani moja. Kila kitu kidogo. Tafadhali."

"LaVonne," nikasema, "ukimwacha hivi hivi umeshashinda."

"Milo, funga mdomo, una rojo kwenye kidevu."

Luz alileta sahani mwenyewe. Yai lilikuwa limepoa likawa na jasho. Rojo lilikuwa limefanya ngozi. Viazi vilikuwa vimelegea, ule ukoko umekufa. Wendell alichukua uma, akatandika kitambaa mapajani, na akala kwa mpangilio: yai, viazi, bekoni, skonzi. Yule kijana alizima mashine yake kwa heshima, au labda alitaka kuona. Ukumbi wote ulikuwa mtupu, ni sisi tu.

Alipomaliza alisukuma sahani.

"Mwenye bufe hutoa kwanza," nikasema.

"Mimi nitoe mwisho," akasema Wendell. "Ninyi mlikula mapema."

"Nane," akasema LaVonne, bila kusita. "Vile viazi sijavila tangu mama yangu afe. Nane na haki yake."

Wakageuka kwangu.

"Tisa," nikasema.

"Tisa, kwa yai moja?" akauliza LaVonne.

"Lilikuwa yai zuri sana."

Hakubisha. Alitoa kalamu, akaandika, na akasema kwa sauti ndogo, akimtazama mumewe: "Kumi na saba. Ukitoa sita, Wendell, umeshinda. Tunabaki."

Sita. Mtu yeyote anatoa sita. Mwalimu mvivu hutoa sita bila kusoma karatasi. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria kurudi nyumbani, taa yake ya jiko asubuhi, kahawa, kubishana kuhusu mvua.

Wendell aliupitisha ulimi kwenye meno, akitafuta ladha ya mwisho.

"Nne," akasema.

"Wendell!" nilipayuka mpaka Luz akageuka.

"Rojo limeganda, Milo. Viazi ni vilaini."

"Vilikuwa na ukoko!" akasema LaVonne. Na sasa ni yeye aliyekuwa akimbishia, mwanamke aliyekuwa ameshinda. "Mimi nimevila, vilikuwa na ukoko vikilia mdomoni. Wewe vimekufikia vimepoa. Si kosa la bufe."

"Wewe umepima chako. Mimi napima kilichowekwa mbele yangu."

"Basi sema tano. Twende sare. Tutajadiliana nyumbani."

"Nimeshatamka, mama."

"Baba mkaidi wewe," akasema LaVonne. "Mkaidi, mkaidi. Hata nyumba yako mwenyewe unaikata bei."

Wendell alimchukulia mkoba, kwa sababu kifundo chake bado hakijapata nguvu, akampa mkono wa kuinukia. Alimwachia Luz bakshishi nono. Tukatoka. Pale mlangoni alisimama akakisoma kile kibao, chote, mpaka namba ya simu iliyo chini, halafu akavaa kofia.

Nje kulikuwa na jua la Februari, lile ambalo sisi watu wa Nebraska tunalilipia ndege. Kituo cha basi kilikuwa ng'ambo ya uwanja wa magari. Wao walitangulia. Mimi nilikuwa nyuma, nikitafuta la kusema ambalo lisingekuwa tusi.

"Kabati la mama yako halitaingia kwenye ile lifti," akasema LaVonne. "Itabidi tumwachie Janelle."

"Litaingia. Likilazwa ubavu, litaingia."

"Unajuaje?"

"Nimeipima."

LaVonne alisimama katikati ya uwanja. "Umepima nini?"

"Lifti. Na mlango. Na ule ukuta wa sebule ya fleti, ambao si ukuta, ni ubao uliopakwa rangi."

"Lini?"

"Desemba. Nilikuambia naenda kwa daktari wa meno."

Nikawafikia. Nilikuwa nimechukia kiasi kwamba masikio yalikuwa ya moto. "Kwa hiyo ulitaka kushindwa?" nikamwuliza. "Njaa yote ile, fulana, kunyoa, ilikuwa mchezo wa kuigiza?"

"Nilitaka kushinda, Milo," akasema, na alikuwa akinitazama usoni. "Nilitaka sana. Lakini alilala pale chini saa nzima, na mimi nilikuwa kwako nakunywa kahawa. Mtu akiwa na akili anakwenda kupima na upande wa pili."

"Na ile nne?"

"Ile nne ni ya rojo."

LaVonne alimpiga begani kwa gazeti, mara mbili, si kwa upole. Kisha akamwuliza lifti ina upana gani, Wendell akamtajia mpaka nusu inchi, LaVonne akasema amekosea, Wendell akasema hakukosea, na wakaendelea hivyo mpaka kituoni na ndani ya basi, wakigombana kuhusu kabati kwa furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu Oktoba. Mimi nilikaa kiti cha nyuma nikatazama jangwa.

Walihama wiki ya pili baada ya Pasaka. Nyumba wameinunua vijana wawili wanaofanya kazi kwenye kompyuta, hawanywi kahawa, na taa yao ya jiko huwaka saa nne. Ile siku ya kuhama kabati liliingia kwenye lifti, likabakiza nafasi ya kidole kimoja, na Wendell akanipigia simu kutoka ghorofa ya tatu, akipiga kelele, nije nijionee mwenyewe. Nikamwambia nina kazi. Sikuwa na kazi. Nilikwenda Alhamisi iliyofuata.